Diski ya Baba na Vitambaa vya Mama

Nyumbani kwa mama, Utange, hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, jokofu lina kirefu kinachoning'inia pande zote mbili kama masikio ya mbuzi, na mtungi wa gesi umevishwa sketi yenye marinda. Makochi ndiyo usiseme. Mgeni akiegemea vibaya huinuka na kitambaa mgongoni akaenda nacho mpaka mlangoni, na mama humfuata taratibu akamvua bila kumwaibisha. Vyote amevifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, na vyote vina sheria moja: havivuliwi na mtu ila yeye, tena havivuliwi siku nyingine ila Jumamosi, siku ya kufua. Jumamosi asubuhi nyumba huwa kama kuku aliyenyonyolewa, na mama hapokei wageni mpaka vikauke.

Nayasema haya mwanzo ili mtu asije akanicheka zaidi ya kiasi. Ukilelewa katika nyumba kama hiyo, kitambaa hukioni tena. Ni kama rangi ya ukuta.

Baba alikuwa dereva wa kreni bandarini. Miaka yake ya kazi aliipitisha juu, ndani ya kile kijumba cha vioo, akiitazama dunia kutoka angani. Alipokaribia kustaafu alinunua kamera ya video kwa baharia mmoja aliyekuwa na haraka ya kuiuza, na tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Alipiga filamu za harusi, za ubatizo, za paka akizaa. Kwa mazoea ya kazini aliinua kamera juu ya kichwa chake akapiga kutoka huko, kwa hivyo filamu zetu zimejaa tosi za watu. Najua upara wa kila mjomba wangu. Na ubaya wa pili, hakuwa akizima. Aliamini kwamba jambo la maana hungoja kamera izimwe ndipo litokee. Akianza asubuhi, anamaliza betri ikikata, na akiwa na betri ya pili, Mungu atusaidie.

Katika filamu hizo zote yeye haonekani hata mara moja. Anasikika tu. Yuko nyuma ya kamera, anacheka, anatoa amri, anauliza maswali ambayo hakuna anayeyajibu.

Kila kitu alikihifadhi kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Nakala nyingine hakuna. Alifariki mwaka jana wakati wa joto la kaskazi, na joto hilo liliporudi mama aliniita akaniambia kwamba ibada ya kumbukumbu inakaribia na yeye anataka kitu kimoja tu. Anataka filamu ya siku tuliyohama.

Tulikuwa wapangaji Chaani tangu nikiwa mdogo. Nyumba ya Utange baba aliijenga kidogokidogo, chumba kwa chumba, na siku ya kuhamia aliipiga filamu tangu lori lilipofika Chaani hadi jioni tulipokuwa Utange, tumechoka, tumekaa juu ya magodoro.

"Jioni ile alisema kitu," mama aliniambia. "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi. Nakumbuka na kanga niliyovaa. Alichosema ndicho sikikumbuki."

Alinitazama kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia asijali, hiyo ni kazi ya robo saa. Nina cheti cha kompyuta, na ofisini kwetu Changamwe printa ikigoma ndimi ninayeitwa. Nilikuwa nimechukua likizo nije nimsaidie kutayarisha ibada, kwa hivyo nilifika Jumapili jioni na laptopu yangu na majivuno yangu.

Jumatatu asubuhi mama alitoa diski kwenye droo ya chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala baba. Ilikuwa imevaa. Alikuwa ameifumia mfuko wa sufu nene ya zambarau, tabaka mbili, umeibana vizuri kama soksi, na kifungo kimoja juu. Upande mmoja alikuwa ameacha kitundu cha kupitisha waya.

Nilikisifu kile kitundu. Nakumbuka kabisa. Nilimwambia, "Mama, hiki umekipima vizuri sana," nikachomeka waya nikaanza kazi.

Picha zilipita. Filamu fupi za Krismasi zikapita, upara baada ya upara. Kisha nikaikokota ile ya kuhama, ambayo peke yake ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, mama akavuta kiti, na ulipofika kama theluthi kompyuta ikatoa mlio mfupi na diski ikatoweka. Haikuharibika, haikulalamika. Ilikuwepo, sasa haipo. Nikachomoa, nikachomeka, ikarudi. Nikaanza upya, ikaenda hata theluthi isifike, ikatoweka tena.

"Amechoka," mama akasema. "Mwache apumzike."

"Nani amechoka?"

"Huyo."

"Mama, hiyo ni diski."

"Najua ni diski. Kwani mimi nimesema ni nini?"

Tukaiacha tukanywa chai. Tuliporudi ilifanya kazi vizuri kwa muda, halafu ikakata. Mama alisonya kidogo, kwa adabu. Ilikuwa hivyo kila mara: ikipumzishwa inaamka na nguvu, ikifanyishwa kazi nzito inazimia. Kila ilipozimia, maelezo ya mama yalithibitika na ya kwangu yakaaibika.

Nilijaribu kuifungua filamu palepale kwenye diski bila kuinakili, niruke moja kwa moja mpaka jioni. Programu ikaniambia kwamba faili lile lina kasoro, halikubali kurukwa, ni lazima kwanza lisomwe lote. Nikaliruhusu lisomwe. Diski ikatoweka katikati. Tulichoambulia ni mwanzo tu: lori, utosi wa dereva, na sauti ya baba ikiwaamuru wabebaji, "Pole pole na kabati, hilo lina miaka mingi kuliko nyinyi." Mama alitabasamu, akangoja zaidi, na zaidi haikuja.

Jumanne niliianza vita rasmi. Nilishuku waya, nikaenda Kiembeni nikanunua mwingine, mfupi na mnene. Ikakata. Nikabadilisha tundu la kuchomekea, upande wa kushoto, upande wa kulia. Ikakata pande zote bila ubaguzi. Nikasoma mtandaoni kwamba kompyuta zina tabia ya kuvizima vifaa ili kuokoa umeme, nikaingia kwenye mipangilio nikaizima tabia hiyo, nikamweleza mama kwa kirefu nilichofanya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitika, halafu akaniuliza kama nimekula. Ikakata.

Jirani akaja kuangalia. Huyu ni mwanamke mzaliwa wa Kisauni, Mwislamu, mtu wa utani mwingi. Yeye na mama wameitana majina tangu tulipohamia: mama kwake ni "mbara," mtu wa kuja kutoka bara, yeye kwa mama ni "mwenye mji." Aliitazama diski ikitoweka, akashika kiuno.

"Mbara, hino mashini yako yakataa kusema ya ndani," akasema. "Yuwaona haya. Yuwangojea wageni watoke."

"Basi toka," mama akamwambia, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, na hakuna kitu kinachonichoma kama kuchekwa na watu wasiojua tofauti ya diski na kiberiti huku maneno yao yakiwa ya kweli kuliko yangu.

Alasiri nikasalimu amri, tukaipeleka kwa fundi wa simu na kompyuta Kiembeni. Alikuwa kijana wa kutoka bara, amevaa miwani juu ya kofia. Nilimweleza dalili zote. Akaivua diski ule mfuko, akautundika kwenye kona ya skrini yake, akaigeuzageuza.

"Madam, hii imezeeka," akasema. "Tui-format tu, itarudi kama mpya."

"Ku-format ni nini?" mama akauliza.

"Tunafuta kila kitu, tunaanza fresh."

Sijawahi kumwona mama akisogea haraka namna ile. Mkono ulitoka chini ya kanga, na diski ilikuwa kifuani kwake kabla fundi hajafunga mdomo. "Hafutwi mtu hapa," alisema. Ilibidi nimbembeleze kijana, nimbembeleze na mama, mpaka wakapatana kwamba ataijaribu bila kugusa kilichomo. Akaipuliza kwenye tundu lake, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaipakia filamu yake kubwa ya mapigano. Mstari ukatambaa mpaka mwisho. Akajaribu tena. Ukafika tena.

"Iko fiti. Ilikuwa vumbi," akasema, bila hata kujisifu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikataka tuifungue filamu ya baba palepale tumalize kazi. Mama akakataa. Spika za fundi zilikuwa zimeelekezwa barabarani, na mama hakutaka mazungumzo yao ya jioni juu ya magodoro yasikike na kila anayepita kununua muhogo. Ya nyumbani ni ya nyumbani. Alikuwa tayari ameshauvuta ule mfuko kutoka kwenye kona ya skrini na kuivisha diski, akafunga kifungo. Tukarudi Utange. Nikachomeka waya kwenye kitundu nilichokisifu, nikaanza. Theluthi. Mlio. Kimya.

"Fundi wa barabarani amemtibu," mama akasema, "daktari mwenye cheti amemuua tena."

Alikuwa akinitania, lakini sauti ilimkatika mwishoni. Nikaelewa kwamba kwa siku mbili zile, kila diski ilipotoweka, yeye alikuwa akijizuia. Alikuwa na hofu kwamba lile neno alilolisahau litapotea mara ya pili, na safari hii halitapatikana popote. Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo, ila mimi naionyesha kwa kupigapiga meza.

Jumatano asubuhi ikakata tena mara mbili. Nikaikamata diski kwa hasira niichomoe, nikabaki nimeishika mkononi nikifikiria maneno ambayo hayasemwi mbele ya mama. Nilipokuwa bado nayachagua nikahisi joto. Kupitia ile sufu, tabaka mbili, diski ilikuwa ya moto kama kiazi kitamu kilichotoka kwenye majivu.

Nikafungua kifungo kidogo nikaingiza kidole. Nikakitoa haraka. Kisha nikakumbuka ule mfuko ukiwa umetundikwa kwenye kona ya skrini ya fundi, na filamu ya mapigano ikifika mwisho mara mbili.

Nilicheka mpaka machozi. Tulikuwa tumemvalisha sweta Mombasa, katikati ya kaskazi, kisha tukamwambia abebe gunia. Akibeba kidogo anastahimili. Akibeba kingi anazimia, na akipumzika anapoa. Mama alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba amechoka.

Ndipo nikaona kwamba itabidi nimwambie yeye, na kicheko kikaniishia.

Nilimkuta jikoni akichambua mchele. Nikamweleza polepole kwamba kifaa kile hutoa joto kikifanya kazi, na joto lisipopata njia ya kutokea kinajizima. Nikasema itabidi tukivue.

Aliendelea kuchambua mchele. "Akae uchi?"

"Kwa muda tu, mama."

"Hata nikiacha kifungo wazi?"

"Hata kifungo kikiwa wazi."

Akaondoa kipande cha jiwe, akakiweka pembeni. "Ule ni uzi wa sweta yake," akasema. "Ile niliyokuwa nikimfumia, kwa sababu hospitalini walikuwa wakiwasha kile kipoza hewa na yeye analala karibu nacho. Haikuisha. Mikono ilikuwa bado. Nikaifumua, nikaona niutumie palepale alipo sasa."

Nilikuwa nimeucheka ule mfuko mpaka machozi asubuhi hiyohiyo, na sasa niliona aibu, nikahisi na uchungu ambao nilidhani nimeshaumaliza mwaka jana. Nilitamani nimwambie basi, tuache, filamu itakaa ilivyo. Lakini nilimjua. Alilitaka lile neno.

"Mama," nikasema, "vitambaa havivuliwi ila siku ya kufua."

"Ndiyo."

"Basi leo tufue. Ule mfuko una vumbi la Kiembeni. Umetundikwa kwa fundi, hujui nani mwingine ametundika nini pale."

Alinitazama kwa jicho la pembeni, jicho la mtu anayejua kwamba anadanganywa na amekubali. Akaweka ungo chini, akanawa mikono, akaja sebuleni. Kifungo alikifungua mwenyewe. Aliivua diski polepole kama anavyovuliwa nguo mtoto aliyelala, akailaza juu ya meza, juu ya mbao tupu, kwa maana kitambaa cha meza nilikuwa nimeomba nacho kitolewe. Na mama akianza hawezi kufua kimoja. Akavua runinga, akavua redio, akavua makochi yote, akauvua mpaka mtungi wa gesi sketi yake, akatoka na beseni uani.

Nikachomeka waya. Nikaleta feni ya mezani nikaielekeza kwenye diski.

"Usimpige na upepo moja kwa moja," mama akaita kutoka nje. "Atapata mafua."

Nikaigeuza feni kidogo, ipulize pembeni. Sioni haya kusema hivyo.

Mstari ukaanza kutambaa. Ukafika theluthi, nikaacha kupumua, ukapita. Uani vitambaa vilianza kujaa kwenye kamba, vyeupe, vya rangi ya maziwa, na katikati yao ule mfuko wa zambarau, mdogo kama soksi ya mtoto. Jirani akachungulia juu ya ukuta, na uso wake ukabadilika.

"Mbara, kwema? Leo Jumatano, na nyumba nzima i nde kambani. Kuna jambo?"

"Kwema," mama akamjibu. "Tunamfulia mzee."

Jirani aliuangalia ule mfuko mdogo wa zambarau. Kisha akasema, "Basi ngoja nitie buibui langu nije nisaidie kukamua," na akaja kweli, na hawakutaniana. Waliosha na kukamua, mmoja kila upande wa kitambaa, na mimi ndani nikiulinda mstari kama mtu anayelinda maziwa jikoni.

Ulifika mwisho kabla ya adhuhuri. Nikaigusa diski. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikanakili filamu mara ya pili mahali pengine, kwa woga, ndipo nikawaita. Jirani akasema yeye ataanua vya kwanza vilivyokauka, akabaki nje kwa hiari yake. Mama akaja akakaa kwenye kochi lisilo na kitu, mikono bado imekunjamana kwa maji.

Sasa programu ililisoma faili lote, na filamu ikakubali kurukwa. Nikapita lori, nikapita barabara, nikapita kabati likiingia mlangoni kwa matusi. Nikafika jioni. Sebule hiihii, bila rangi, taa moja, magodoro yamelazwa sakafuni, vitanda bado mbao na misumari. Tosi zetu zote. Na katikati ya vurugu hiyo mama, kijana kuliko ninavyomkumbuka, amepanda juu ya ndoo anaipimia runinga kitambaa, huku runinga yenyewe haijaunganishwa umeme.

Sauti ya baba ikaja karibu sana, kwa sababu ndiye aliyeshika kamera.

"Tazameni huyu mama. Watoto watalala chini, chakula hakijapikwa, lakini runinga imevaa." Akacheka. "Mimi nikifa mtaniambia. Atanivisha kitambaa kabla daktari hajafika."

Kwenye skrini mama akaanza kucheka, akashuka kwenye ndoo, akajaribu kusema kitu, akashindwa, akakaa chini sakafuni na kanga yake imemfunika uso. Kamera ikatikisika, kwa sababu na yeye baba alikuwa akicheka.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anatabasamu, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Mwongo wewe," akaiambia kompyuta, kwa upole kabisa. "Daktari ndiye aliyetangulia, sweta ikiwa bado mikono."

Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, mpaka pale anapopanda kwenye ndoo.